Mwaka Tuliomkuta Baba Ouma

Wiki iliyopita niliketi sebuleni kwa marehemu Mama Ouma, Buruburu, Nairobi, nikawasikiliza wanaume wakipanga mahali pa kumzika. Wazee wa ukoo walikuwa wamefika asubuhi kutoka Siaya, wamechoka na safari, na chai ilikuwa imezunguka mara ya pili. Kikao kilikuwa karibu kufungwa, maana kwa Waluo mahali pa kumlaza mke wa mtu si jambo la mjadala: kando ya bwana yake, basi. Ndipo Ouma, kifungua mimba wake, mtu mzima mwenye mvi, akasema kwamba mama yake alimwachia neno hospitalini. Alisema azikwe popote pale bomani, hata karibu na zizi, ila asizikwe kando ya lile kaburi la Baba. Mzee mmoja alishusha kikombe chake kwa nguvu hata chai ikamwagika kwenye kitambaa. "Hiyo ni laana," akasema. "Mwanamke anakataa bwana yake hata akiwa maiti?" Ouma akanigeukia mbele ya watu wote. "Neke, wewe uliishi na yeye ule mwaka. Aliwahi kukosana na Baba?" Nilishtuka kama mtu aliyeitwa kortini. Jibu la swali hilo nimelibeba karibu miaka thelathini, na niliapa kutolisema. Kati ya wanawake walioapa nami, sijui mwingine aliye hai.

Niliingia nyumba ile nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Huruma na sanduku la bati na masweta mawili, kwenda kusomea upigaji taipu mjini. Mama Ouma alikuwa na chumba kitupu kwa sababu wanawe walikuwa wameoa wakahamia kwao, na kanisa lilimwambia kuna msichana wa Kibukusu mwenye adabu anayetafuta mahali pa kulala. Hilo la adabu alilipima mwenyewe. Siku ya kwanza alinitazama nikisonga ugali, mikono kiunoni, akasema, "Wewe nyathina, hiyo ni ugali ama ni uji imekasirika?" Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na tangu jioni ile hakuniita jina lingine. Sebule yake ilikuwa imevishwa vitambaa vya kushona kwa mkono kila mahali penye mgongo, hata redio ilivaa. Ukutani palikuwa na picha ya Baba Ouma amevaa kofia ya reli, amefunga mdomo kabisa, mkono wa kushoto umefichwa nyuma. Nilichojua kumhusu nilikipata jikoni, kwa kusikiliza. Alikuwa mfanyakazi wa reli, akahamishiwa Mombasa watoto wakiwa wadogo, na siku moja ya mapumziko akapanda boti na wenzake. Boti ikapinduka. Wenzake walipatikana, wengine hai, wengine wamekufa. Yeye hakuonekana tena.

Kwa hiyo nilishangaa kama kila mtu pale Mama Ouma alipokubali safari ya kisiwani. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na akina mama walikuwa wamesikia kwamba kuna kisiwa kidogo kule pwani ya kusini, kinalindwa na serikali, hakuna gari wala visima, kina makaburi ya kale na matumbawe yaliyosimama nchi kavu kama watu. Walitaka kukiona kabla magoti hayajakataa. "Mimi hayo maji sitaki kuiona," alisema Mama Ouma mwezi mzima. Halafu Jumapili moja, tukiwa tunachambua mboga chungu za osuga kwenye ungo, akasema bila kuinua macho, "Mwenyekiti hawezi baki nyumbani kama watu yake wanaenda. Watapotea. Mama Rispa peke yake atapotea hata kwa choo." Mama Rispa alikuwa jirani yake na mkubwa wao wote kwa umri, mwanamke mwembamba aliyeng'olewa meno sita ya chini utotoni, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo wa zamani. Alikuwa akiyacheka mapengo yake mwenyewe, akisema yanamsaidia kupuliza moto. Mimi nilichukuliwa niwabebee sufuria na niwasomee vibao.

Nawakumbuka wakishuka kwenye boti siku ile ya Agosti, sare zao za kitenge zimepigwa na maji ya chumvi, kila mmoja na kapu lake kana kwamba kisiwani hakuna chakula. Walikuwa na unga wa mahindi, dagaa wakavu wa omena, na chai ya chupa. Mama Ouma alikuwa na jogoo mzima, miguu imefungwa, amemkumbatia safari nzima tangu Nairobi, kwa sababu huendi kwa watu mikono mitupu. Mlinzi wa kisiwa alimsimamisha palepale gatini.

"Mama, kuku haingii hapa."

"Hii kuku iko na makosa gani?"

"Kisiwa hiki kimehifadhiwa. Kuku wa bara aweza kuwaambukiza ndege wetu."

"Huyu amekaa kwa nyumba yangu, anakunywa maji ya mfereji. Ndege yenu ndio itamletea ugonjwa."

Tulicheka mpaka mlinzi naye akacheka, lakini sheria ni sheria, na jogoo alibaki gatini amefungwa kwenye mti wa kuegeshea boti. Mwenye kututembeza alikuwa mwanamke wa pale, Bi Mwanaisha, wa makamo, amejitanda kanga vizuri, sauti yake ya kukatiza. Kanuni yake ya kwanza aliirudia kila tuliposimama: "Hapa mwaja kuona kwa macho, si kwa mikono. Hata mchanga hauondoki." Akamnyang'anya Mama Rispa ganda la kombe alilolificha kwenye sidiria. Alituonyesha mabirika ya kukingia maji ya mvua, maana kisiwa kizima hakina tone la maji baridi ardhini. Tukatembea juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, akina mama wameshikana mikono kwa kuogopa kaa waliokuwa wakikimbia topeni. Alituonyesha matumbawe makavu, meusi, yana matundu, na akatueleza kwamba zamani mahali pale palikuwa chini ya bahari. Alitupitisha kwenye makaburi ya mawe yaliyopachikwa mabakuli ya kauri, akasema wenyeji wa kwanza walikuja kwa biashara, wakafuatwa na wengine waliokimbia vita, kila waliokuja wakazika juu ya waliotangulia. Mama Ouma aliyasikiliza haya yote kwa adabu ya kanisani. Bahari hakuitazama hata mara moja. Alitembea ameipa kisogo, na njia ilipopinda, naye alipinda.

Kituo cha mwisho kilikuwa kaburi lisilo na bakuli wala maandishi, limezungushiwa mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa. Lilikuwa safi, limefagiliwa. "Huyu," akasema Bi Mwanaisha, "twamwita Mgeni. Aliletwa na maji alfajiri moja, mimi niko msichana. Polisi wa ng'ambo waliitwa, wakaja, wakatazama, wakatuambia tumzike upesi, maana maji yalikuwa yameshamharibu. Hatukumjua dini wala kabila. Wazee wetu walimwosha, wakamkafini, wakamswalia, na kila mwaka twamsomea. Jambo moja tu lilituonyesha kuwa ametoka mbali." Alituangalia mmoja mmoja, kwa namna ambayo bila shaka aliwaangalia wageni wote. "Meno yake ya chini, ya mbele, sita, hayakuwapo. Si kwamba alipigwa. Yalikuwa yametolewa zamani na ufizi umefunga. Kila mgeni ajaye hapa namuuliza: mwawajua watu wa namna hiyo?"

Walikuwa wanawake ambao hata kanisani padri alikuwa akiwaomba wanyamaze, na wote walinyamaza. Mama Rispa aliinua kiganja chake taratibu, akafunika mdomo. Bi Mwanaisha akauona mkono ule. Akauona na uso wa Mama Ouma, na nadhani alielewa kabla yangu mimi, kwa sababu kibao chake cha maelezo kilimponyoka mkononi. Mimi nilikuwa bado nawaza kwamba Waluo ni wengi, na waliokufa maji ni wengi.

Mama Ouma peke yake ndiye aliyeongea. "Nani alimwosha?" Akaitwa mzee mmoja, Mzee Kombo, akaja na fimbo yake kutoka barazani. Mama Ouma hakumsalimu, yeye aliyekuwa akisalimia hata watoto wa watu barabarani. "Mikono yake ilikuwa aje?" Hakumwonyesha mkono gani, wala hakusema anatafuta nini. Alimwacha mzee ajisemee. Mzee Kombo akafikiri, akasema, "Mkono wa kushoto, mama. Kidole cha mwisho na hiki cha pete havikuwapo. Havikuliwa na samaki, la. Vilikatika zamani, pamepona vizuri." Vidole hivyo, nilikuja kuambiwa, vilikatwa na mabehewa stesheni ya Makadara mwaka Ouma alipozaliwa. Mama Ouma aliketi chini palepale kwenye mchanga, miguu ameinyoosha mbele, sare yake mpya na yote.

Nilingoja alie. Wote tulingoja, wengine walikuwa tayari wameshaweka mikono kichwani, kwa maana kwao kilio cha mjane ndicho kinachofungua vilio vingine. Hakulia. Aliliambia kaburi, kwa Kiswahili, ili wenyeji nao wasikie, "Okelo. Watu wa hapa wamekuosha, wamekuvalisha, wamekufagilia. Na mimi bibi yako nimezika tunda. Miaka hii yote nimelilia tunda."

Sikuelewa. Ni Mama Rispa aliyenieleza kwa kunong'ona, huku bado amefunika mdomo. Mluo akipotelea majini na mwili usipatikane, hawezi kuachwa hivyo, atazunguka akisumbua walio hai. Basi hukatwa yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti wa mvungunya kama soseji kubwa, nalo huzikwa mahali pa mtu, kwa matanga kamili: ng'ombe, kilio, kunyoa, kila kitu. Na likishazikwa, huyo ndiye yeye. Kaburi alilokuwa Mama Ouma akilipalilia kila Krismasi kule Siaya lilikuwa la yago. Nyumbani kwetu tuna mambo yetu, lakini kumwona mwanamke amekaa kati ya makaburi mawili ya mume mmoja, moja lina mtu halina jina, lingine lina jina halina mtu, hilo lilinizidi akili.

Na papo hapo wakaanza kubishana, hapo hapo kichwani pa marehemu. Mmoja alisema lazima arudishwe kwao. Mama Rispa akaondoa mkono mdomoni na kusema kwa ukali, "Aliyezikwa amezikwa! Ukimzika mara ya pili unaita mwingine amfuate. Na nani atamfuata? Si mtoto wa kwanza?" Mmoja akamkumbusha kwamba sisi ni watu wa kanisa. "Kanisa ni Jumapili," akasema Mama Rispa. "Leo ni Jumanne." Wana wa Mama Ouma walikuwa wamejenga maboma yao kwa sababu baba yao amezikwa, kila kitu walichokifanya baada ya hapo kilisimama juu ya lile tunda. Mama Ouma aliwasikiliza wote, halafu akamwomba Bi Mwanaisha jambo moja tu: mchanga wa kaburi, wa kujaa kiganja.

"Siwezi, mama."

"Huyu ni bwana yangu."

"Mume ni wako. Mchanga ni wa kisiwa." Machozi yalikuwa yakimtoka Bi Mwanaisha, na bado alikataa. Nilimchukia sana dakika ile. "Nikikupa wewe leo, kesho nitamnyima nani? Lakini wewe waweza kutupa sisi kitu. Miaka yote twamwita Mgeni. Jina lake nani hasa?"

Mama Ouma akalisema lote, jina la ubatizo, la kwao na la baba yake, na Mzee Kombo akalirudia polepole mpaka akalishika. Kisha Mama Ouma akainuka, akakung'uta sare, akauliza jogoo wake yuko wapi. Mlinzi akasema akiwa mzima bado haruhusiwi, ila akichinjwa atakuwa chakula. Mzee Kombo alimchinja mwenyewe gatini, na nyama ikaingia kisiwani. Wenyeji walikuwa wametupikia wali wa nazi na kaa wakubwa ambao akina mama walikuwa wamewaangalia asubuhi kama mashetani. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. "Kuleni," akasema Mama Ouma. "Hii ndio matanga yake. Ile ingine ilikuwa ya tunda." Na akavunja mguu wa kaa kwa meno, akaunyonya, akala mpaka akamaliza, huku sisi tukimtazama kwa hofu. Baadaye, botini, alitushika mkono mmoja mmoja na kutuapisha. Ouma asijue. Wazee wakisikia watataka aletwe, na kile kifo cha pili kitamwangukia mwanawe. Nilipofikiwa alinibana vidole hadi vikauma. Niliapa.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilijifunza jinsi mtu anavyoweza kuishi na jambo. Asubuhi alipika uji, jioni alisikiliza habari, Jumapili aliongoza akina mama. Desemba wanawe walikuja kumwambia, kwa furaha, kwamba sasa wako tayari kulijengea kaburi la Baba, saruji na vigae na msalaba. Nilikuwa jikoni nakaranga vitunguu, na mlango haukuwa umefungwa. "Jengeni choo kwanza," nikamsikia akisema. Ouma alidhani anatania. Aliposikia ni kweli, alipandisha sauti, akamwambia watu wanawacheka, kwamba mwanamke asiyetaka kaburi la bwana yake lijengwe ana lake moyoni. "Sema hivyo tena," akasema mama yake. Ouma alisema tena. Nilisikia kofi. Mwanamume wa miaka thelathini na zaidi, mwenye mke na watoto, alipigwa kofi sebuleni, akaondoka bila kula, na mama yake akaja jikoni, akachukua mwiko mkononi mwangu na kuendelea kukaranga. Vitunguu vilikuwa vimeungua. Hakuvitupa. Mimi, niliyedhani upendo ni kuambiana kila kitu, nilisimama pale nimeduwaa, na tangu siku hiyo nimekuwa mwoga wa kuwahukumu watu wanaonyamaza.

Basi hilo ndilo lililokuwa mdomoni mwangu wiki iliyopita, Ouma aliponiuliza mbele ya wazee. Nikasema, "Hawakukosana." Ouma akasimama, akasema anisaidie kuongeza maji ya chai, akanifuata jikoni na kufunga mlango.

"Neke," akasema, "usiwe na wasi. Mimi najua."

Nikamuuliza anajua nini, maana kiapo ni kiapo.

"Nilienda huko na watoto, likizo, zamani kidogo. Kuna mama mmoja hutembeza watu. Akatupeleka kwa kaburi iko na chokaa, akaanza hadithi. Meno sita. Vidole. Akataja jina ya Baba yote, mbele ya wageni, hivi hivi tu. Akasema bibi yake alikuja kutoka Nairobi na kuku, akanyimwa mchanga, akakaa chini akasema amelilia tunda. Wazungu wakacheka hapo kwa tunda. Na mimi nikacheka, Neke. Ningefanya nini? Watoto walikuwa wananiangalia."

Tuliapishana sisi kwa sisi, wanawake wazima, tukahesabu kila mdomo uliokuwa botini. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kumwapisha Bi Mwanaisha, ambaye kazi yake ilikuwa ni kusimulia. Siri tuliyoilinda Buruburu imekuwa ikitangazwa kwa kila mgeni aliyeshuka gatini, karibu miaka thelathini. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake kwamba anajua.

"Si alikuwa anaogopa nitakufa? Angejua najua, angeacha kulala." Akajifuta uso na taulo la vyombo. "Nikasema akitaka kuniambia ataniambia. Nikangoja. Hata hospitali nilingoja. Akaniambia tu nisimweke pale."

Nilitaka kumshika, nikashindwa. Aliinua birika la chai mwenyewe, mtu mkubwa vile, akalibeba hadi sebuleni na kuwamiminia wazee mmoja mmoja, kwa heshima, ameinama. Yule mzee wa laana alikuwa bado na neno lake. Alisema ukoo haujawahi kuona jambo la namna hii, na akamwuliza Ouma mbele ya wote kama kweli anataka kumzika mama yake mbali na bwana yake, na kama haogopi kitakachompata.

Ouma akaweka birika chini. "Baba amelala kisiwani," akasema, "na nimefika nikamwona. Pale nyumbani mlizika tunda. Mama yangu hakuolewa na tunda."